Biashara ya Mtandaoni Kutoka Visiwani: Mwongozo kwa Kijana Anayeanza

Kati ya Wete, kisiwani Pemba, na Kariakoo ya Dar es Salaam hakuna barabara. Mkoba wa ukili ambao mteja wa Dar es Salaam ameuona kwenye simu yake asubuhi kwa kawaida hubebwa kwa gari hadi bandari ya Mkoani, hupakiwa botini, huvuka hadi Unguja, kisha huvuka tena hadi Dar es Salaam, na kila mkono unaoupokea njiani unaweza kuuchelewesha, kuulowesha au kuusahau. Vijana wengi wanaoniomba ushauri juu ya biashara ya mtandaoni huanza kwa kuuliza habari za tovuti, nembo na programu ya simu, nami huwarudisha kwenye maswali mawili tu: mzigo utafikaje, na pesa zitakujaje? Aliyekwisha kuyajibu kwa vitendo, hata kama anauza kwa WhatsApp peke yake, amekwisha kuwa mfanyabiashara.

Maelezo haya yanamhusu kijana wa Unguja au Pemba mwenye simu janja, mtaji mdogo na muda wa jioni baada ya skuli au kazi. Nitakaa zaidi kwenye mambo niliyoyaona yakiwaangusha watu, na yale ambayo kila mtu anayajua nitayapita haraka.

Kitu cha kuuza

Jeff Bezos alipolifungua duka la mtandaoni la Amazon mwaka 1995 aliuza vitabu tu, na sababu zake zinafaa kufikiriwa hata na anayeuza hiliki Darajani. Kitabu hakiozi, hakina saizi ya kujaribiwa mwilini, na nakala moja ni sawa na nyingine, kwa hiyo mnunuzi ambaye hajakishika anajua hasa kitakachomfikia. Pima bidhaa za kwenu kwa kipimo hicho. Mdalasini, hiliki na pilipili manga zilizokaushwa vizuri zinapita. Mkoba wa ukili na sabuni ya mwani vinapita pia. Samaki wabichi hawapiti. Mabuibui yapo katikati: yanauzika sana mtandaoni, na wako wanawake wengi wa mjini wanaoendesha familia kwa kuyauza wakiwa majumbani mwao, lakini anayeanza atachoshwa na mabuibui yanayorudi kwa sababu ya urefu na mikono, hivyo ni bora kazi hiyo aifanye baada ya kuzoea mambo mepesi.

Karafuu iache. Nalisema hili mapema kwa sababu kila kijana wa Pemba huanza kwa kuifikiria. Karafuu za Zanzibar huuzwa na mkulima kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na mtu binafsi anayezinunua shambani ili aziuze nje ya utaratibu huo anafanya magendo, hata kama amezipiga picha nzuri na kuzitia kwenye mifuko yenye nembo. Kuuza mtandaoni hakuibadilishi sheria. Kinachoongezeka ni kwamba ushahidi unauandika wewe mwenyewe na kuuweka hadharani. Shirika hilo lina pia kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, huko Wawi, karibu na Chake Chake, na anayependa harufu ya zao hili aende akaulize utaratibu wa kuuza bidhaa zilizokwisha kusarifiwa.

Mwani ni habari nyingine. Kilimo chake cha biashara kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 katika fukwe za mashariki ya Unguja kama Paje na Jambiani, na tangu hapo kazi kubwa imekuwa mikononi mwa wanawake, ambao huuza mwani uliokaushwa kwa bei ndogo kwa kilo. Sabuni au mafuta ya kujipaka yaliyotengenezwa kutokana na mwani huohuo huuzwa kwa bei nyingine kabisa. Mnunuzi wa mbali hununua sabuni pamoja na habari ya mama aliyeulima mwani wake. Kwa hiyo piga picha wakati wa maji kupwa, vigingi na kamba vikionekana, lakini mwombe ruhusa kila mama unayempiga, na umweleze kwamba picha yake itaonwa na watu asiowajua. Wengine watakataa, na kukataa kwao kuheshimiwe. Ujue pia kwamba chakula na vipodozi vina wasimamizi wake, yaani Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, pamoja na Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS. Nenda kwao kabla hujachapisha lebo elfu moja, usije ukalazimika kuzichapisha upya.

Ipo pia biashara isiyopanda boti kabisa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na hadi leo mgeni anayetaka kujifunza lugha hii hufurahi kumpata mwalimu wa Zanzibar. Kijana anaweza kumfundisha mwanafunzi aliye Ujerumani kwa njia ya video, akalipwa kwa saa. Lakini kukizungumza Kiswahili si kukifundisha. Mwanafunzi atakuuliza kwa nini tunasema “kitabu changu” na “kalamu yangu”, nawe ukijibu kwamba ndivyo tunavyosema, hatarudi wiki ijayo. Soma ngeli kwanza, andaa masomo kumi yaliyopangika, kisha ndipo ujitangaze. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kina uzoefu wa miaka mingi wa kuwafundisha wageni, na kukaa nyuma ya darasa lao, ukiruhusiwa, kutakufaa kuliko video mia za kujifundisha mwenyewe.

Huduma nyingine iliyo wazi ni picha. Brian Chesky na Joe Gebbia, waanzilishi wa Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni, walipoona mwaka 2009 kwamba nyumba za New York zilizotangazwa kwao hazipangishwi, waligundua kwamba picha zilikuwa mbovu. Wakaenda huko wenyewe na kamera, wakapita nyumba kwa nyumba wakizipiga upya. Nyumba ndogo za wageni za Jambiani, Nungwi na Makangale zina tatizo hilohilo: chandarua kizuri kimepigwa picha usiku kwa taa moja. Mweleze mwenye nyumba kwamba mitandao ya kukodisha vyumba huchukua kamisheni ambayo mara nyingi huwa karibu 15%, na kwamba kwa mgeni anayerudi mara ya pili kwa kuwasiliana naye moja kwa moja hatakatwa kamisheni hiyo, hapo atakusikiliza. Usiteleze tu ukaanza kuuza ziara za viungo na safari za pomboo kwa jina lako, kwa sababu kazi hiyo ina leseni yake kutoka Kamisheni ya Utalii Zanzibar.

Kuuza usichokuwa nacho

Njia inayosifiwa zaidi na wanaojiita walimu wa biashara mtandaoni ni ile ya kutangaza bidhaa iliyoko Uchina, kupokea pesa za mteja, kisha kumwagiza mwenye ghala aitume yeye. Kwetu sisi njia hiyo ina matatizo mawili. La kwanza ni la dini, na si jipya hata kidogo. Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mtu anayemjia kutaka kununua kitu asichokuwa nacho, akamuuzia, kisha akaenda sokoni kukinunua, akakatazwa kuuza asichokuwa nacho. Ukilitazama swali hilo utaona kwamba ndilo hasa linaloulizwa leo, isipokuwa soko limehamia Guangzhou. La pili ni la kidunia: mzigo ukichelewa miezi miwili forodhani, mteja wa Mwanakwerekwe hamjui Mchina, anakujua wewe na anaijua nyumba ya baba yako.

Milango ya halali ipo, nayo haina ugumu. Unaweza kuwa wakala, ukamwambia mteja wazi kwamba unamnunulia kwa niaba yake na ujira wako ni kiasi fulani. Unaweza kupokea oda ya kitu kitakachotengenezwa, kama mkoba au kanzu, kwa maelezo kamili ya aina, kipimo, bei na siku ya kukabidhi, jambo ambalo wanazuoni hulizungumza katika mlango wa istisnaa. Au unaweza kulipwa bei yote mapema kwa mali inayojulikana kwa sifa na kiasi, itakayokabidhiwa tarehe maalumu, nayo ni salam. Kila moja ina masharti yake. Muulize sheikh wako, kisha yaandike masharti hayo kwenye ujumbe unaomtumia mteja. Nimeona kwamba hata mteja asiye Muislamu hupenda kujua tarehe, kiasi na nini kitatokea jambo likiharibika.

Hesabu kabla ya picha

Hapa ndipo wengi huanguka, na huanguka wakiwa na furaha, kwa kuwa oda zinaingia. Tuseme mkoba wa ukili unaununua kwa msukaji shilingi 12,000. Mfuko na lebo ni 800. Sehemu yake katika nauli ya gari hadi Mkoani ni 500, na katika gharama ya boti ni 1,500. Bodaboda wa kuufikisha kwa mteja mjini anataka 3,000. Makato ya miamala ni 600, na bando unalolitumia, ukiligawa kwa idadi ya mikoba, ni 700. Jumla ni 19,100. Ukiuza kwa 20,000 unabaki na 900, nawe unajiona unapata faida.

Sasa tia humo jambo ambalo halikosekani: katika kila mikoba kumi, mmoja utalowa, utapotea au utakataliwa. Mikoba tisa imekupa 8,100. Wa kumi umekula 19,100. Umepoteza 11,000 kwa kazi ya wiki nzima. Ongeza bidii ya kutangaza na utapoteza zaidi. Lakini ukimwambia mteja tangu mwanzo kwamba 20,000 ni bei ya mkoba na bodaboda analipa mwenyewe, gharama yako inashuka hadi 16,100, unabaki na 3,900 kwa kila mkoba, na hata ukiutoa ule wa kumi, mikoba kumi inakuachia 19,000. Kilichobadilika hapo ni sentensi moja tu ndani ya tangazo.

Kwa sababu hiyo kifaa cha kwanza cha kununua ni daftari. Liwe la karatasi kama kompyuta haipo. Kila oda iandikwe tarehe, jina, bidhaa, gharama zake zote, kilicholipwa, siku iliyotumwa na siku iliyopokewa. Safu ya mwisho iandike malalamiko, hata madogo. Pesa za biashara zisikae kwenye laini moja na pesa za nyumbani, kwa kuwa pesa zikichanganyika mtu hula mtaji akidhani anakula faida, na hulijua hilo siku anapotaka kwenda kununua mzigo mpya.

Kupokea malipo

Sajili laini ya biashara kwa kitambulisho chako mwenyewe. Ukiwa hujatimiza miaka 18, biashara iwe kwa jina la mzazi au mlezi, na mwandikiane karatasi inayosema mtaji ni wa nani na faida inagawanywaje. Ninawajua ndugu waliogombana kwa sababu namba iliyokuwa ikijulikana na wateja wote ilikuwa imesajiliwa kwa jina la kaka aliyehamia Tanga. Omba Lipa Namba mapema, kwani mteja huiamini zaidi namba inayoonesha jina la biashara, nawe unapata kumbukumbu safi ya mauzo.

Ujumbe wa muamala si pesa. Wapo watu wanaotunga ujumbe unaofanana herufi kwa herufi na ule wa kampuni ya simu, wakautuma, kisha wakakuharakisha eti boti inaondoka. Usikabidhi mzigo mpaka umeangalia salio lenyewe. Na aliyekupigia akidai amekosea kutuma, akakuomba urejeshe, mwelekeze awasiliane na mtandao wake. Usirejeshe kwa mkono wako.

Malipo ya nje yana ugumu wake. Kwa muda mrefu akaunti za PayPal zilizofunguliwa Tanzania zimeweza kulipa, lakini si kupokea, na kijana anayemwahidi mteja wa Italia kwamba atapokea kwa njia hiyo huumbuka. Fungua akaunti ya benki inayopokea fedha za kigeni. Asiyetaka riba aelekee kwenye dirisha la Kiislamu la PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar. Kisha mwombe jamaa aliye nje akutumie kiasi kidogo, uone kimechukua siku ngapi na kimekatwa kiasi gani, ndipo upange bei zako za masomo au picha.

Mzigo baharini

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea oda ya makopo ishirini ya halua ya Wete kwa ajili ya harusi Dar es Salaam. Niliutuma mzigo siku mbili kabla ya shughuli, nikajiona mwangalifu. Ilikuwa msimu wa kusi. Safari ya kwanza iliahirishwa kwa sababu ya upepo. Ya pili ilifika bandari ya Malindi, Unguja, jioni, na kampuni niliyoikabidhi mzigo ikauacha nje siku nzima iliyofuata, juani, kwa kuwa jina la mpokeaji lilikuwa limeandikwa upande mmoja wa sanduku, na upande huo ndio uliolaliwa na sanduku jingine. Halua ilifika imetoa mafuta, na harusi ilikuwa imekwisha. Nilirejesha pesa zote, nikaomba radhi kwa bibi wa bwana harusi, ambaye alinisikiliza kwa upole ulionitia haya kuliko matusi.

Tangu siku hiyo mambo machache sikuyaacha. Jina na namba za simu za mpokeaji na mtumaji huandikwa pande zote za sanduku kwa wino usiotoka kwa maji. Kila kitu hutiwa ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutiwa kwenye sanduku, hata kama si chakula. Mzigo hupigwa picha mbele ya anayeupokea bandarini, na picha hiyo hutumwa kwa mteja pamoja na risiti. Ahadi ya siku ya kufika huongezwa siku mbili wakati wa kaskazi na siku tatu au nne wakati wa kusi. Mjini Unguja na Dar es Salaam pawe na mtu wako mmoja, anayelipwa, wa kuupokea mzigo; fadhila ya binamu hudumu mara tatu, ya nne ana shughuli zake.

Ukiwa unauza vitu vilivyoagizwa kutoka nje ya nchi, ujue kwamba mzigo uliolipiwa ushuru Zanzibar unaweza kukadiriwa upya unapoingia Bara na ukatakiwa kulipia tofauti. Weka nyaraka zote za forodha, na uliza kabla ya kutaja bei.

Kuzungumza na mteja

Mteja wa kwetu hutanguliza salamu, nawe usiziruke kwa kumrushia bei. Lakini baada ya salamu na hali, jibu alichouliza. Lipo zoea baya, limeenea kuliko mwani, la muuzaji kuweka picha bila bei na kumwambia kila anayeuliza aje faragha. Muuzaji hudhani anamvuta mteja, ilhali mteja hudhani anapimwa mfuko. Andika bei, kipimo, rangi zilizopo na gharama ya kufikisha. Kama mkoba una kasoro, ipige picha kasoro yenyewe kwa karibu; mnunuzi ana haki ya kurudisha kitu alichofichwa aibu yake, na kurudisha, kama tulivyokwisha kuhesabu, kunakula faida ya mikoba mingi.

Kalenda ya visiwani ijue kama mvuvi anavyoijua bamvua. Katika Ramadhani watu hununua usiku, baada ya tarawehe, hivyo tangazo la saa nne asubuhi ni kelele tu. Nguo za Idi ziwe zimekwisha kupigwa picha kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, na oda zifungwe kumi la mwisho likiingia, la sivyo utakesha ukifungasha badala ya kukesha kwa ibada. Wageni hujaa kuanzia Julai na tena Disemba, hupungua masika ya Aprili na Mei, na miezi hiyo ya masika ndiyo ya kupiga picha nyumba za wageni na kutengeneza upya orodha ya bidhaa.

Kwa dada zetu wanaouza wakiwa nyumbani ninaongeza jambo moja: usimpe mteja usiyemjua maelekezo ya nyumba. Makabidhiano yafanyike dukani kwa mtu mnayemwamini, au mahali penye watu mchana. Namba za wateja nazo ni amana. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, na hata bila sheria, kumwingiza mtu kwenye kundi la WhatsApp bila ridhaa yake, namba yake ikaonwa na watu mia mbili, ni kumkosea.

Karatasi

Biashara inapokuwa na mauzo ya kila wiki, isajili. Anza kwa sheha wako, kwa kuwa barua yake huulizwa mara nyingi, kisha jina la biashara lisajiliwe na BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar. Usipotezwe na maelekezo ya Bara yanayoitaja BRELA. Leseni ushughulikie kwenye baraza la manispaa au la mji lenu. Kodi zina milango miwili: Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, kwa kodi za Zanzibar, na TRA kwa zile za Muungano, ikiwemo kodi ya mapato, ambako utapata namba ya mlipakodi. Wengine hukimbia mambo haya mpaka hoteli moja itakapotaka kununua sabuni mia tano na kuomba risiti halali. Hapo huwa wamechelewa.

Mwaka wa pili na wa tatu

Mwaka wa kwanza ukipita na daftari likaonesha faida, utatamani vitu viwili kwa pamoja: kuajiri watu na kutengeneza programu. Tanguliza watu. Daniel Yu, Mmarekani aliyeanzisha Sokowatch, alianza na wenye maduka madogo wa Afrika Mashariki waliokuwa wakiagiza bidhaa kwa ujumbe mfupi wa simu, na mzigo ukapelekwa hadi mlangoni mwao. Mwaka 2022 kampuni hiyo, ikiwa imebadilisha jina na kuwa Wasoko, ilipata mtaji wa dola milioni 125, na mwaka huohuo ikashirikiana na Serikali ya Zanzibar kuuzindua mpango wa Silicon Zanzibar huko Fumba. Mwaka 2024 iliungana na MaxAB ya Misri. Katika habari hiyo wengi hukumbuka milioni 125. Mimi hukumbuka ule ujumbe mfupi, kwa kuwa huo kila kijana wa Konde anaweza kuuanza kesho bila kumwomba mtu dola moja. Programu itengenezwe siku ambayo ujumbe umekuwa mwingi kiasi cha kukosewa, na daftari lako ndilo litakalomwambia mtengenezaji ni safu gani anatakiwa kuziweka.

Mtaji wa kukua, kama utatoka kwa mjomba au shangazi, uwe wa mudharaba ulioandikwa: yeye anatoa mali, wewe unatoa kazi, faida inagawanywa kwa sehemu mliyokubaliana, na hasara isiyotokana na uzembe wako inakwenda kwenye mali yake huku wewe ukipoteza jasho lako. Mweleze hilo la hasara kwa sauti, mbele ya shahidi, kabla hajatoa pesa. Serikali nayo ina Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, na kitu cha kwanza watakachotaka kukiona ni hesabu zako.

Umeme usiusahau. Mwaka 2008 Unguja ilikaa takriban mwezi mzima bila umeme wa Bara, na kuanzia Disemba 2009 ikakaa takriban miezi mitatu, kwa sababu njia yake ya chini ya bahari iliharibika. Pemba ilipata ya kwake kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikaongezewa nyingine mwaka 2013. Hali ni bora sasa, lakini anayefundisha Kiswahili kwa video hawezi kumwelezea mwanafunzi habari za kebo. Awe na betri ya akiba iliyojaa, na laini za mitandao miwili tofauti, kwa kuwa ukuta mmoja tu hutosha kuutenganisha mtandao unaoshika na usioshika.

Kurasa zote za biashara ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili, na jina la tovuti, siku utakapolinunua, lisajiliwe kwa jina lako au la kampuni, kamwe si kwa jina la fundi aliyekutengenezea. Msaidizi wa kwanza mfundishe kwa daftari: kila kosa lililoandikwa kwenye ile safu ya malalamiko mweleze lilitokeaje na sasa hufanywa nini. Mwezi wa tatu mkabidhi simu ya biashara siku ya Jumamosi, panda boti uende upande wa pili, Unguja kama wewe ni wa Pemba au Pemba kama wewe ni wa Unguja, na ukae huko siku saba bila kumpigia. Tembelea wasukaji, waulize bei za ukili msimu ujao, kula kwa watu. Ukirudi, kabla ya kumuuliza lolote, lifungue daftari ulisome kuanzia ile Jumamosi.